Wino mwekundu juu ya ukuta wa Ujiji

Mchoro huo ninao mpaka leo. Ni karatasi pana iliyochorwa kwa penseli, na juu yake umepita mstari wa wino mwekundu niliouchora mimi, pamoja na maneno mawili pembeni: "Chora upya." Aliyeuchora alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mkimya wa Kasulu. Alikuwa amepima nyumba ya udongo kule Ujiji, na chumba cha nyuma akakionyesha kama mkate uliokatwa na mtu mwenye haraka: kuta tatu zimekaa sawa, ya nne imekwenda mshazari.

Wenzake watatu waliopima nyumba hiyohiyo walileta chumba chenye pembe mraba nne. Hao niliwapa alama nzuri.

Nimefundisha usanifu majengo kwa miaka 27 jijini Dar es Salaam, na kila ilipowezekana niliwapandisha wanafunzi treni ya Reli ya Kati, tukaenda Tabora na Kigoma kupima nyumba za zamani. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani. Watu huniuliza nilijifunza nini katika miaka yote hiyo, nami kila nikitafuta jibu mkono unakwenda kwenye karatasi hiyo.

Nilizaliwa Ujiji, nikalelewa na bibi mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, ya kukandikwa na kusiribwa, na kila mwaka kabla mvua hazijaanza wanawake wa nyumba walikanyaga udongo kwa miguu, wakausiriba upya mahali palipobanduka. Nilikuwa na miaka kama saba nilipopewa donge langu la kwanza. Nililibandika lote ukutani, nikalipiga kwa kiganja kwa furaha. Bibi akalibandua.

"Weka jembamba, mjukuu wangu. Ukiweka zito litaanguka, na litaondoka na la chini yake."

Niliyasikia maneno hayo, nikayasahau kwa zaidi ya miaka 20.

Chuoni tulifundishwa kunyoosha. Tulichora kwa kalamu za wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga, na mstari ukiteleza unaukwangua taratibu kwa ncha ya wembe huku ukiomba karatasi isitoboke. Usiku mzima ulikuwa unakwisha kwa ajili ya pembe moja. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nikaanza kuona kila kitu kwa pembe mraba. Nikija Ujiji likizo, nikikaa barazani kwa bibi, macho yalitembea juu ya kuta zake yakihesabu makosa: hapa pamevimba, hapa pameinama, dirisha hili halilingani na lile. Sikumwambia. Lakini niliionea aibu nyumba iliyonilea, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya Tabora, mwanzoni kabisa mwa kazi. Familia moja ya Ng'ambo iliniomba ushauri. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, ya kuta nene, yenye ua katikati, na kuta zilikuwa zinamomonyoka sehemu ya chini, karibu na ardhi. Niliizunguka kwa nusu saa. Sikupima kitu. Nikawaambia wabandue udongo wote wa nje, wapige plasta ya saruji, na chini wazungushie saruji nyingine kama mkanda. Walihangaika kutafuta fedha, wakafanya kama nilivyosema. Ikapendeza, na jirani wakaja kuitazama.

Msimu wa tatu wa mvua, ukuta wa upande wa jikoni ulianguka usiku. Namshukuru Mungu hakuna aliyelala pale. Nilipofika niliokota kipande cha plasta kwenye kifusi: kigumu, kizima, kama sahani. Udongo uliokuwa nyuma yake ulikuwa umekuwa uji.

Jambo lenyewe nalieleza kwa urefu kwa sababu bado naliona likifanyika kila mtaa, na watu wanalifanya kwa nia njema. Ukuta wa udongo hunywa maji kutoka ardhini. Siku zote huyanywa, na siku zote huyatoa: unyevu unapanda, unafika usoni mwa ukuta, jua na upepo vinaukausha. Saruji imeshikana kuliko udongo. Ukiipaka unaziba uso ule. Maji hayakomi kupanda kwa sababu umepaka saruji. Yanakosa tu pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi na kukaa humo ndani, na udongo uliobeba paa unageuka tope ndani ya ganda gumu. Nje huoni kitu. Tena saruji na udongo havitanuki wala kunywea kwa kipimo kimoja, hivyo nyufa nyembamba hutokea, mvua inapenya kwenye nyufa, na ikishaingia haitoki. Chokaa ingeruhusu unyevu upite. Udongo wenyewe ungeruhusu zaidi. Ule mmomonyoko wa chini nilioudhani ugonjwa ulikuwa ni ukuta unatoa maji yake mahali pale, na uliotakiwa ni mtaro wa kuondoa maji ya paa, na udongo mwembamba kila mwaka.

Jembamba, mjukuu wangu.

Mwenye nyumba hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, sisi tulikuamini kwa kuwa umesoma." Sikuwa na jibu. Nilishika koleo nikasaidia kuondoa kifusi, na jioni nikarudi stesheni kusubiri treni nikiwa na tope la nyumba yao kwenye kucha.

Baada ya hapo nilijiwekea sharti ambalo wanafunzi wangu wote walilijua: hakuna kusema neno juu ya nyumba ya mtu kabla ya kuipima na kuichora. Siku ya kwanza simu zinakaa ndani ya mkoba. Picha inachukua kila kitu kwa mara moja, na mpigaji anaondoka bila kujua amechukua nini. Mwenye penseli analazimika kuchagua. Akichora mlango lazima ajue unafungukia ndani au nje, bawaba ziko upande gani, kizingiti kimelika wapi kwa nyayo. Asipojua, mkono unasimama. Anainuka kwenda kuangalia tena. Kule kuinuka ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Safari zenyewe zilikuwa ndefu. Wajerumani walianza kuijenga reli hii kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni zaidi ya kilometa 1,200. Wanafunzi walikuwa wanafika Tabora wamechoka, vumbi limewajaa nyusi, wamenunua asali ambayo hawana pa kuiweka. Hapo njia inagawanyika, moja ya Mwanza na nyingine ya Kigoma, na hapo tuliteremka kwa siku tatu au nne.

Tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe, yaani nyumba ya udongo ya paa bapa, ambalo Livingstone, yule msafiri Mwingereza, alikaa mwaka 1872. Stanley, mwandishi wa habari aliyemfuata huku, aliondoka Machi 14 kurudi pwani ili amtumie wapagazi, na mzee yule akawasubiri hapo mpaka Agosti 25. Tembe lililopo leo limejengwa upya karne iliyopita, na kila mwaka wanafunzi walibishana juu ya jambo hilo: kuna haja gani ya kupima jengo ambalo si lenyewe? Nilikuwa nawaacha wabishane. Kisha nawapa kazi moja: kaeni uani tangu asubuhi, na kila saa chora kivuli kimefika wapi. Hakuna mkanda, hakuna hesabu. Kazi hiyo waliichukia kwa saa tatu za kwanza. Ikifika saa saba mchana wengi wao wameshahama mara mbili kufuata ubaridi bila kujijua, na wakitazama karatasi zao wanaona ua umewaonyesha jambo: hakuna saa ambayo haina upande wa kukaa. Kuta nene zinachelewa kupata joto, na upande mmoja ukianza kuchoma, wa pili umeshapata kivuli. Nyumba ya namna hiyo unaitumia kwa kuhamahama ndani yake, mkeka kwapani. Sisi tulikuwa tunawafundisha kuchora chumba cha kukaa kimoja na kukiwekea feni.

Mwaka mmoja, palepale Kwihara, msichana wa Sikonge aliniuliza mbele ya wenzake, "Profesa, mbona tunachora nyumba za Waarabu na maboma ya Wajerumani? Za kwetu ziko wapi?"

Nilimjibu kwanza kwamba tembe si la Waarabu peke yao. Wagogo na wengine wa nchi hii ya kati wamejenga tembe kwa muda mrefu, na mikono iliyokanyaga udongo wa nyumba za wafanyabiashara ilikuwa ya watu wa hapa. Ni kweli, lakini nilijua nimekwepa swali. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome hapa Tabora. Wajerumani waliishambulia zaidi ya mara moja wakashindwa. Januari 1893 walipoingia, Isike alijilipua kwa baruti asikamatwe. Ngome iliyowarudisha nyuma wanajeshi wenye mizinga ni kazi ya usanifu, kuta zake zilipangwa na mtu aliyejua anachofanya. Nami katika safari zangu zote sijawahi kuwapatia wanafunzi ukuta wake wa kuwekea mkanda. Boma la Wajerumani limesimama mjini, kila mtu analiona, kila kitabu kina picha yake.

Swali la yule binti lilibadilisha ratiba yangu. Tangu hapo siku moja ya Tabora tuliitenga kwa wazee. Wanafunzi walikwenda kukaa nao na kuwaomba waelezee nyumba waliyozaliwa ndani yake, ambayo haipo tena. Mzee anachukua kijiti, anachora chini, anafuta, anabishana na dada yake juu ya mlango wa ghala ulikuwa upande gani, na mwanafunzi ananakili. Michoro hiyo haina vipimo. Baadhi yake ni mizuri kuliko yote tuliyowahi kurudi nayo.

Halafu Kigoma, tukishuka kwenye stesheni ile ya mwisho wa reli, ziwa liko mbele yako na upepo unakupiga usoni. Wanafunzi walikuwa wanakimbilia migebuka ya kukaanga kwanza, na siwalaumu. Bandarini niliwaonyesha meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda kwao, mjini Papenburg, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye makasha, ikaletwa mpaka Kigoma na kuungwa tena. Ikaingia majini 1915. Mwaka 1916 walipokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Niliwauliza wanafunzi: bamba la chuma lililokatwa Ulaya litajuaje mahali pake litakapofunguliwa kasha lake ufukweni mwa Tanganyika? Kuna mchoro. Mtu alikaa Papenburg akamchorea mtu wa Kigoma ambaye hatamwona. Na zile grisi, je? Fundi alipaka akimfikiria atakayekuja, na huyo alikuwa adui yake. Hapo kwa kawaida walinyamaza.

Sasa nirudi kwenye ukuta.

Kupima chumba kuna siri moja ambayo mafundi wanaijua kuliko wasomi. Ukipima kuta nne tu hujakijua chumba. Vyumba viwili vinaweza kuwa na kuta za urefu uleule, kimoja kimesimama wima na kingine kimelala kama kiberiti kilichokandamizwa. Kinachosema kweli ni ulalo, yaani kutoka pembe hadi pembe ya pili kupita katikati. Chumba chenye pembe mraba, lalo zake mbili zinalingana. Fundi anayepanga msingi hutumia tatu-nne-tano kwa sababu hiyohiyo: anapima tatu upande mmoja na nne upande wa pili, na ulalo ukiwa tano anajua pembe ni mraba. Niliwafundisha wanafunzi jambo hilo wiki ya kwanza, na wengi walilikubali kisha wasilifanye, kwa kuwa ndani ya nyumba ya watu kuna kitanda, kuna kabati, kuna mafurushi, na kuvuta mkanda kutoka kona hadi kona maana yake ni kuomba ruhusa ya kusogeza vitu vya mtu.

Kompyuta nayo ina mchango wake. Siichukii, imenisaidia sana. Lakini ile programu inapenda pembe mraba. Ukisogeza mstari karibu na wima, wenyewe unanyooka. Wale watatu niliowapa alama nzuri walikuwa wamechora hivyo, jioni, kwenye darasa tulilokodi Kigoma mjini, na nyumba ya Ujiji ikanyooka mikononi mwao bila mtu kuamua.

Kijana wa Kasulu alichora kwa mkono. Nilipitisha wino wangu usiku, nikiwa nimechoka. Asubuhi, kabla ya chai, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umechora upya?"

"Hapana, Profesa." Akanipa karatasi nyingine, ndogo, ya daftari. Alikuwa ameandika vipimo vyote. Ukuta wa kushoto mita 3.10. Wa kulia mita 2.79. Urefu mita 3.60. Chini yake lalo mbili: mita 4.55 na mita 4.75. "Nilimwomba bibi mwenye nyumba ruhusa, tukasogeza kitanda," alisema. Hakuongeza kitu.

Nilizitazama zile namba nikiwa nimesimama. Zilikuwa zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Mtu hawezi kubuni lalo zikakubali hivyo. Nilichukua mkanda wangu, tukapanda daladala kwenda Ujiji.

Mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua dagaa kwenye ungo. Alitukaribisha, akamwita yule kijana "mume wangu" kama bibi wa Ujiji wafanyavyo kwa wajukuu, akatuambia tuingie. Tukasogeza kitanda tena. Nilishika ncha moja ya mkanda mimi, yeye nyingine. Mita 4.55. Mita 4.75. Nikaangusha timazi: ukuta ulikuwa umesimama wima barabara, kuanzia chini mpaka kwenye boriti. Haukuwa umelala wala kusukumwa. Ulijengwa hivyo tangu mwanzo, na aliyeujenga alikuwa fundi hodari.

Tukatoka nje. Nilimuuliza bibi kwa nini ukuta wa nyuma umekwenda mshazari. Hakuelewa swali, nikalirudia kwa kuonyesha kwa mkono.

"Aa, huo. Hapo ni njia ya maji, mwanangu."

Nilidhani anasema mtaro. Akainuka, akatupeleka nyuma. Kati ya nyumba yake na ya jirani kulikuwa na kichochoro, na pale ukuta ulipopinda kichochoro kilipanuka. Zamani wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakipita hapo alfajiri kutoka ziwani, mitungi kichwani, na wengine wanashuka wakati huohuo. Baba mkwe wake alipojenga, alipewa kiwanja mpaka kwenye kona ile. Angeweza kunyoosha. Akamwambia fundi aukate ukuta, ili wanaopanda na wanaoshuka wapishane bila kusimama.

"Alisema nyumba isije ikawapiga watu mabega," bibi alisema, akapitisha kiganja kwenye udongo pale kwenye kona, kama mtu anayemfuta mtoto vumbi.

Mimi nilizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Nimepita kwenye kichochoro kile utotoni na ndoo yangu, mara ngapi sijui. Mabega yangu yalipishana na ya watu kwa hisani ya mzee yule, nami nikakua, nikasoma, nikarudi na wino mwekundu kuufuta ukuta wake.

Jioni ile niliwakusanya wanafunzi wote nikawaeleza nilichofanya, na nikamwomba radhi yule kijana mbele yao. Aliinamisha kichwa. Katika mila zetu mtu mzima kumwomba radhi mtoto hadharani si jambo jepesi, na nadhani yeye aliona haya kuliko mimi. Nilibadilisha alama zote nne. Wale watatu walikasirika, mmoja wao kwa muda mrefu, na alikuwa na haki kiasi fulani, kwa kuwa nilikuwa nimewazoesha kwamba mchoro mzuri ni mchoro ulionyooka. Yule kijana aliuchora upya baadaye kwa wino, ukuta ukiwa palepale ulipo, na akaongeza kitu ambacho hakikuwamo kwenye ule wa kwanza: kichochoro, na ukuta wa jirani upande wa pili. Mchoro wa nyumba bila njia iliyo nje ulikuwa nusu ya habari. Nakala moja tulimpa bibi. Ule wa kwanza nilimwomba anipe.

Kuna nyumba nyingine, mtaa wa pili, ambayo nataka kuitaja hata kama haina mwisho mzuri. Ilikuwa na mlango wa kuchonga wa mbao mbili, na mfaa, ule mti wa katikati ya mbao hizo, una maua yaliyopandana kama mnyororo. Wanafunzi wangu waliuchora kwa siku mbili. Tuliporudi mwaka uliofuata tulikuta geti la chuma la bluu. Mtu alipita akanunua mlango, familia ilikuwa na mgonjwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja waziwazi milango iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa inalindwa, na majengo ya kabla ya 1863 vilevile. Lakini sheria haikuwa na mtu barazani siku ile, na mgonjwa alikuwepo. Nilirudi chumbani nikaifungua ile michoro ya wanafunzi. Kila jani lilikuwepo, lenye kipimo chake. Nililia. Ningetoa michoro yote niliyowahi kuikusanya ili mlango ule urudi mahali pake, na sitaki mwanafunzi wangu yeyote adhani kuchora kitu ni sawa na kukiokoa.

Bibi wa nyumba ya njia ya maji alifariki baada ya miaka kadhaa. Wajukuu waliamua kubomoa wajenge ya tofali za saruji. Nilipopata habari nilipiga simu, nikajaribu kuwashawishi. Walinisikiliza kwa heshima. Mchwa walikuwa wamekula boriti za vyumba viwili, na wanawake waliokuwa wakisiriba kila mwaka wako Dar es Salaam, wako Mwanza, mmoja yuko Oman. Nani atakanyaga udongo? Sikuwa na jibu la kumpa mtu anayeishi mle ndani.

Miezi miwili baadaye, mwaka wangu wa mwisho kazini, simu ililia nikiwa ofisini. Mjukuu mkubwa, yuko kiwanjani, nyuma yake nasikia koleo kwenye mchanga.

"Shikamoo, Mama Profesa. Fundi anapanga msingi. Anasema kule nyuma tukinyoosha kamba tunapata sentimita 31 zaidi, chumba kinakuwa kizuri, kitanda kikubwa kinaingia. Lakini nimefungua sanduku la bibi, karatasi za kiwanja zilikuwa pamoja na ule mchoro mliompa. Naona ukuta umepinda."

"Hapo nje watu bado wanapita?" nilimuuliza.

"Wanapita. Watoto wa shule. Bodaboda pia."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nilisikia pikipiki ikipita karibu naye, honi, mtoto anacheka. Kisha akaweka simu mbali na mdomo.

"Fundi," alisema, "legeza hiyo kamba. Njoo uangalie huu mchoro."